Mlima wa Nyumbani: Siku Tuliyokwenda Kutafuta Theluji na Watoto

Mama mwenzangu, je, umewahi kuulizwa swali na mtoto, swali dogo tu, likakukaa kooni mpaka usiku? Mimi yalinipata hayo nyumbani kwetu Kaloleni, Arusha, nikiwa na koti la mtumba mkononi.

Koti lenyewe nilikuwa nimelipata kwa bei nzuri. Wale mnaonunua mitumba mnayajua makoti haya: mazito, yamejaa kama godoro, yana rangi za kung'aa, na kofia nyuma. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku Arusha haina mchezo, na binti yangu wa miaka tisa kifua chake si cha kuaminika. Nilipokuwa nikilifua nikaona kwenye zipu pamening'inia kikaratasi kigumu, kimekunjwa kwenye kiwaya, kina picha ya mlima iliyofifia na maandishi ya Kiingereza. Nikataka kukikata. Binti akanizuia. "Mama, usikitupe. Tumwulize baba ni cha nini."

Baba watoto ni mtu wa mlimani. Kwa miaka mingi alikuwa mpagazi kwenye Mlima Kilimanjaro, akibeba mizigo ya wageni kichwani, na sasa ni mwongozaji msaidizi. Akakitazama kile kikaratasi, akatabasamu. "Hii ni tiketi. Watoto wa huko Ulaya na Marekani wakienda kucheza kwenye theluji, tiketi hufungwa kwenye zipu ili mlinzi wa viti aione."

Watoto wakamzunguka. Viti gani? Theluji inachezwaje? Basi jioni ile hatukuwasha televisheni. Baba akaeleza yale aliyosimuliwa na wageni wake. Huko kwenye nchi za baridi, theluji ikishaanguka, familia hufunga safari kwenda kwenye vituo vya kuteleza. Mtu huvaa viatu vigumu, kila kiatu kikabanwa juu ya ubao mwembamba mrefu, akashika fimbo mbili, kisha akateremka mlima kwa kuteleza. Kupanda tena hapandi kwa miguu, bali hukalia kiti kinachoning'inia kwenye waya mnene unaozungushwa na mashine, kikampandisha mpaka juu. Wanaoanza, hasa watoto, huwa na kimteremko chao cha pole, na mwalimu wao. Wazazi wasioweza hukaa ndani penye moto wakinywa kitu cha moto na kuwatazama watoto wao wakianguka na kuinuka.

Akasema vituo vingine ni vikubwa na vya matajiri, lakini vingi ni vidogo tu, vya watu wa kawaida wa jirani. Mgeni wake mmoja kutoka jimbo la Minnesota, Marekani, alimweleza habari za kilima kiitwacho Buck Hill, katika mji wa Burnsville. Kituo kile kilifunguliwa mwaka 1954, na urefu wa kuteleza kutoka juu mpaka chini ni kama mita 94 tu. Mita 94! Kijana wangu wa miaka kumi na miwili akacheka mpaka akashika tumbo. Kwani hapa Kaloleni, ukitoka nje ya mlango asubuhi ya mwanga, unaitazama Meru yenye mita 4,566. Lakini baba akamnyamazisha: kwenye kilima hicho hicho alifundishwa utotoni dada mmoja, Lindsey Vonn, ambaye mwaka 2010 alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki kule Vancouver. Alianzia kwenye kilima cha mita 94, karibu na nyumbani.

Hapo ndipo binti aliuliza swali lake. "Baba, wewe unawapeleka watoto wa wageni kwenye theluji kila siku. Sisi utatupeleka lini?"

Baba watoto hakujibu. Akainuka akaenda kufunga geti, ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Maji ndani ya chupa ya chai

Safari yake iliyofuata alirudi na chupa ya chai ameishika kama mtu aliyebeba mayai. Kule juu ilikuwa imeanguka theluji mpya usiku, akachota akaijaza chupa na kuifunga barabara, akateremka nayo siku mbili mpaka getini na kutoka hapo mpaka nyumbani. Watoto wakakusanyika mezani. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka mitano, akapewa heshima ya kuifungua.

"Mbona ni maji?" akasema.

Yalikuwa maji, tena ya uvuguvugu. Baba alicheka, na sisi tukacheka, lakini nilimwona usoni. Mtu aliyekuwa ametembea na ile chupa siku mbili hakucheka kwa moyo.

Ajabu ni kwamba kisa kama hiki ni cha zamani sana katika nchi yetu. Mwaka 1848, mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa safarini kutoka pwani kwenda Uchagani, akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomwuliza mwongozaji wake kile ni nini, yule akamjibu kwa neno moja: baridi. Rebmann akaelewa mara moja, kwani kwao theluji ilikuwapo. Alipoandika habari hizo, wataalamu wa London walimpinga, wakisema haiwezekani theluji ikae karibu na Ikweta. Lakini Wachaga walikuwa wameshaijua zamani. Rebmann alisimuliwa kwamba watu waliwahi kutumwa kuleta ile fedha nyeupe iliyong'aa mlimani, na ilipofika chini ikawa maji.

Hata kuteleza kwa mbao si jambo geni kabisa kwetu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na mbao zao, wakateleza nazo kwenye theluji ya juu. Barafu mojawapo iliyoko karibu na kilele inaitwa mpaka leo kwa jina la huyo Furtwängler. Jirani zetu Wakenya nao wamo: Philip Boit, mkimbiaji kutoka upande wa Eldoret, alishiriki Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998, katika mbio za kilomita 10 za kuteleza. Alifika wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri pale mwisho wa mbio ili amkumbatie, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. (Nilipomsimulia mama mkwe, aliuliza tu kama mke wa Boit alishauriwa juu ya jina hilo.) Na ukitaka kituo chenyewe hapa hapa Afrika, kipo Lesotho, katika milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Kinaitwa Afriski, nacho hufanya kazi kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, theluji ikipungua wanaitengeneza kwa mashine.

Lakini Lesotho ni mbali, na sisi ada za shule zilikuwa zinatungoja.

"Mlima ni kazi"

Nilianza kumwambia baba watoto, si kwa ugomvi, bali usiku tukiwa wawili. Nikamwambia hatuhitaji kufika kwenye theluji. Watoto hawataki medali. Wanataka kumwona baba yao mahali ambapo wageni humwona. Tuna Hifadhi ya Taifa ya Arusha hapa, kama kilomita 30 tu kutoka mlangoni petu, chini ya Meru. Twende siku moja na kurudi.

Akanijibu jambo ambalo sikulitegemea. "Mama watoto, mlima ni kazi. Nikipumzika sitaki hata kuuona."

Akina mama, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mimi nilitaka kukasirika, lakini nikakumbuka yale mabega niliyokuwa nikiyapaka dawa ya kuchua miaka ile ya upagazi, na kikohozi alichokuwa akirudi nacho. Mpagazi hubeba mpaka kilo 20, tena akitangulia mbele ya wageni ili wakifika wakute hema limesimama na chai ya moto. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "twende matembezini mlimani" ni kama mtu akuambie wewe, baada ya kupika harusi nzima, twende tukapike kwa raha. Kwa upande mwingine, kitinda mimba wetu alipokuwa mdogo aliwahi kumlilia baba yake mlangoni kama analilia mgeni, maana alikuwa amemaliza safari tatu mfululizo. Nalo hilo lilikuwa kweli.

Tulikaa hivyo wiki kadhaa. Sikumsukuma. Nikaanza kuweka kidogo kidogo kwenye kibubu kutoka biashara yangu ya vitafunio. Majirani waliposikia, mmoja akanitania, "Mmeshakuwa Wazungu? Kulipa hela kutazama nyani, wakati nyani wapo bure njiani?" Nikacheka naye. Hata mimi miaka yote nilidhani hifadhi ni za wageni.

Masika ilipoingia, wageni wakapungua kama ilivyo desturi, na baba akawa nyumbani. Ikawa baada ya Pasaka, shule zimefungwa, asubuhi moja mvua ya usiku imekatika, kijana wetu akapiga kelele uani: "Meru imevaa nyeupe!" Tukatoka wote. Kweli, kilele chote kilikuwa kimepakwa weupe mwembamba kama unga uliochekechwa. Hutokea wakati wa masika, usiku wa baridi kali, na jua likipanda huyeyuka.

Baba watoto akasimama akitazama, kikombe mkononi. Kisha akasema, "Jumamosi. Nitaongea na yule dereva mwenzangu, gari lake limekaa tu."

Matayarisho, kwa wale watakaopenda kwenda

Hapa nitasimama kidogo niseme ya jikoni na ya mfukoni.

Kiingilio kwa sisi wananchi ni sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni, tena kwa shilingi, na watoto walio chini ya miaka mitano huingia bure. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu mkononi, hulipwa kwa namba ya malipo, kwa hiyo hakikisha simu ina salio au mtu mwenye kadi yupo. Kutembea kwa miguu ndani ya hifadhi kuna ada yake, na lazima muwe na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu nyati ni wengi. Usithubutu kushuka garini kiholela eti kwa kuwa hapa hakuna sifa ya simba. Nyati mmoja aliyekasirika anatosha.

Gari liwe refu la kwenda juu, hasa masika, maana barabara za msituni huteleza. Mkiwa familia mbili au tatu mkachangia gari moja, mzigo unakuwa mwepesi.

Nguo ndiyo habari kubwa. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi kama 6 hivi. Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 na ushei. Sasa piga hesabu: siku ambayo Kaloleni ni nyuzi 20, kilele cha Meru kinakaribia sifuri, na ndiyo maana mvua ya kwetu huwa theluji ya kule. Ninyi hamfiki kileleni, lakini ubaridi mtaukuta. Wavike watoto nguo nyepesi mbili tatu badala ya moja nzito, ili wakitoka jasho uvue moja. Soksi za akiba kwa kila mtoto. Mimi nilisahau, nikajuta.

Chakula nilipika usiku: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, na chai ya tangawizi kwenye ile ile chupa. Beba kwenye kapu au vyombo vya mfuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, tena tumbili na nyani wakiona mfuko wanajua ni chakula.

Pole pole

Tulisali, tukaondoka alfajiri. Tulishika barabara ya Moshi, tukapita Usa River, tukaingia kushoto, na njiani tukamchukua mama mkwe, ambaye ana shamba lake la migomba kwenye miteremko ya Meru. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na sweta mbili. Ndiyo mara yake ya kwanza kuingia hifadhini, naye ameishi pembeni yake maisha yote.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967 ikaitwa Arusha. Si kubwa kama Serengeti, na hilo ndilo jema lake kwa mwenye watoto. Ukishapita tu lango la Ngongongare unakuta uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, na hapo hapo, kabla mtoto hajaanza kuuliza tutafika lini, tukaona twiga saba na nyati na pundamilia. Tukapita kwenye ukingo wa Kreta ya Ngurdoto, ambayo hairuhusiwi kushukwa, unaitazama kutoka juu ikiwa kijani kama bakuli la mchicha. Mbega wenye mikia mirefu myeupe walikuwa wakirukaruka mitini kama waimba kwaya waliovaa mashuka.

Penye maziwa ya Momella tulisimama. Mawingu yalipasuka upande wa mashariki, na kwa dakika kama kumi Kilimanjaro ikatokea nzima, nyeupe juu. Baba akawaonyesha kwa kidole: hapa ndipo tunalala usiku wa mwisho, pale ndipo wageni hulia kwa furaha, kule ndiko nilikochota ile ya chupa. Nimeolewa naye miaka kumi na minne, sikuwahi kumsikia akieleza kazi yake namna ile. Kijana akauliza kama barafu ile itakuwapo akiwa mkubwa. Baba akamwambia ukweli. Mwaka 1912, wakati wale Wajerumani walipoteleza, barafu ilifunika karibu kilomita 12 za mraba. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2, kwa sababu ya hewa kuwa kavu na joto kuongezeka. "Hata mimi," akasema, "mahali nilipokuwa nakanyaga barafu nilipoanza upagazi, leo nakanyaga mchanga." Kijana akanyamaza muda mrefu.

Kwenye lango la Momella tukapewa askari wetu, tukaanza kutembea kuelekea maporomoko ya Tululusia. Njia inakata uwanda wenye nyati, kisha inapanda msituni. Si mbali kwa mtu mzima. Lakini baba watoto, sijui ni nini kilimwingia, akatangulia kwa ule mwendo wake wa upagazi. Kijana akamkimbilia. Binti akaanza kuhema ndani ya lile koti lake. Kitinda mimba akakaa chini kwenye matope akalia kwamba miguu imekufa. Baba akageuka akasema kwa ukali kidogo, "Jikazeni, mbona karibu tu!"

Mimi nikasema, taratibu, kwa kuwa mama yake alikuwapo: "Baba, wageni huwa unawaambiaje?"

Akasimama. Askari akacheka, maana kila mtu wa mlimani anajua. Neno ambalo waongozaji huwaambia wageni tangu getini mpaka kileleni, asubuhi na jioni, mpaka Wazungu huenda nalo kwao, ni moja tu: pole pole.

Baba watoto akarudi nyuma mpaka alipo mtoto, akachuchumaa. Akamfunga kamba za viatu upya. Kisha akamweka mbele ya msafara wote na kumwambia, "Wewe ndiye mwongozaji. Sisi sote tutakwenda mwendo wako." Na ndivyo tulivyopanda, askari na bunduki yake, baba, mama mkwe na fimbo, na mimi na kapu, wote nyuma ya mtoto wa miaka mitano aliyesimama kila baada ya hatua kumi kuchunguza mavi ya tembo. Baadaye baba aliniambia ndivyo inavyotakiwa hata kwa wageni: kundi huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, na wanaokimbia mwanzoni ndio hurudishwa chini wakiumwa kichwa.

Kule kwenye maporomoko hewa ilikuwa baridi kiasi kwamba tukiongea tunatoa moshi mdomoni. Watoto wakashindana kutoa moshi. Binti akaingiza mkono kwenye maji akapiga ukelele. "Baba, haya yametoka kwenye theluji?"

"Yametoka huko juu. Mvua, umande, na theluji ikiwapo."

"Basi ni kama ya chupa," akasema, akayanawia uso.

Mama mkwe

Mama mkwe hakuja mpaka kwenye maji. Alikaa juu ya jiwe palipo wazi, akitazama upande wa kaskazini, kuelekea Ngare Nanyuki. Nilipompelekea chai ndipo akaniambia. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka ardhi ile ili wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, watu kama 3,000 wakaondolewa. Wameru hawakukubali, mwaka uliofuata walimtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, akasimama kuwasemea. Wengi wenu mnalijua jina hilo. Mama mkwe wakati huo alikuwa mtoto wa mgongoni. Yeye hakumbuki lolote, lakini mama yake alikuwa akimwambia kwamba kilichomwumiza siku ile ni baridi, kwamba walilala nje na Meru ilikuwa imevaa nyeupe, na alimfunika mwanawe kwa nguo yake yeye.

"Na leo," akasema, "wajukuu wangu wamevaa makoti, wanaifuata hiyo baridi kwa kulipa." Hakusema kwa uchungu. Aliona ni jambo la kuchekesha kidogo. Kisha akaniuliza lile koti nilinunua shilingi ngapi, kwani naye alikuwa akilitaka la namna hiyo kwa ajili ya kwenda kukamua ng'ombe alfajiri.

Hatukufika kwenye ule mti mkubwa wa mkuyu ambao gari hupita katikati ya mizizi yake, wala kule Kitoto juu zaidi. Barabara ilikuwa imeharibika kwa mvua, na mdogo wetu alikuwa ameshalala mgongoni kwa baba yake kabla hatujafika garini. Nilitazama namna alivyombeba. Kilo kumi na saba, akatembea nazo bila kumwamsha, ile hatua ya upagazi isiyotikisa mzigo. Safari hii hakuwa na haraka.

Ukiniuliza gharama, nitakuambia kweli: kiingilio, askari, mafuta ya gari na shukrani ya dereva, jumla ilikuwa kama mauzo yangu ya vitafunio ya majuma matatu. Si kidogo. Kwa familia inayohesabu, ni safari ya mara moja kwa mwaka. Kama hamwezi hata hiyo, Ziwa Duluti pale Tengeru lina msitu wake na njia ya kutembea, na ni karibu zaidi. Watoto wadogo kama wa kwangu hawapelekwi Kilimanjaro yenyewe kwa kupanda kileleni. Walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi, na hata ingeruhusiwa nisingewapeleka.

Jumatatu binti alichukua stakabadhi yetu ya hifadhi, akaikunja, akaifunga kwa uzi kwenye zipu ya koti, pembeni ya ile tiketi ya Wazungu. Jumanne ya wiki iliyofuata baba watoto aliitwa kazini, wageni wanane. Nilipokuwa nikimpangia begi nikamtilia chupa ya chai. Kitinda mimba akaitoa akairudisha kabatini. "Usilete tena," akamwambia baba yake. "Tutaenda wenyewe."

Kibubu nimeshakirudisha juu ya kabati. Mama mkwe naye ametuma ujumbe kuuliza kama masika ijayo gari litakuwa na nafasi ya dada yake.